Wadogo zangu wa ithibati, someni ankara

Wiki hii nimemkuta tena kijana mpya akipamba faili la sera ya mazingira, picha ya jani juu, saini ya mkurugenzi chini, na ankara za mbao zimesongamana kwenye boksi chini ya meza. Jamani.

1. Cheti cha muuzaji hakitoshi. Tulikuwa karakana ndogo ya samani, cheti chetu cha FSC (shirika la kimataifa la misitu inayotunzwa vizuri) cha mnyororo wa umiliki, yaani kufuatilia mbao kutoka msituni hadi kwa mteja, bado kipya. Muuzaji naye alikuwa nacho. Nikakichapisha, nikakiweka faili, nikaona kazi imeisha. Mzigo ukaja, tukaranda, tukauza makabati kama "FSC 100%", yaani mbao zote za misitu yenye cheti. Siku ya ukaguzi mkaguzi akachomoa ankara moja, akaweka kidole kwenye mstari wa mbao: hakuna dai la FSC, yaani maneno kama hayo ya "FSC 100%", hakuna namba ya cheti. Kumbe muuzaji aliuza mbao za aina zote mbili, zenye cheti na za kawaida, sisi tukachukua za kawaida kwa bei ya kawaida, na mimi niliyepitisha malipo sikujiuliza mbona rahisi hivyo. Hitilafu kubwa, miezi 3 ya kurekebisha. Hiyo ningeimeza. Kilichoniuma ni barua, maana kiwango cha FSC kinatoa siku 5 tu za kazi kuwaarifu kwa maandishi wateja wote walioguswa. Bosi alizisaini moja moja bila kuniangalia usoni. Mteja mmoja alikuwa ameshayaingiza makabati yetu kwenye zabuni.

2. Kumbukumbu zote zitunzwe miaka 5. Msinibishie.

3. Nembo ya FSC haichapishwi kabla ya kibali. Na wanaouza Umoja wa Ulaya wajue kwamba kuanzia tarehe 27 Septemba 2026, neno tupu kama "rafiki wa mazingira" lisilo na uthibitisho ni kosa.

4. ISO, shirika la kimataifa la viwango, haitoi vyeti, inaandika viwango tu. Ukiandika "tumethibitishwa na ISO", umejitangaza ugeni.

5. Ada ikiwalemea, ulizieni cheti cha kikundi, yaani karakana ndogo kadhaa chini ya cheti kimoja.

6. Andikeni utaratibu mnaoufuata kweli. Mwenzenu mmoja alinakili mwongozo wa kampuni kubwa, pamoja na "Idara ya Uendelevu na Uhusiano". Mkaguzi akaomba kuonana na mkuu wa idara. Akaitwa mtunza stoo, akaja na glavu mkononi, akauliza mbele ya wote: idara gani tena?