Shangazi, ugonjwa hufutwaje kwa kura?

"Shangazi, shikamoo. Mdogo wangu ana miaka 24. Mama alisoma ujumbe kwenye simu yake, na sasa nyumba nzima inajua kwamba anapenda wanaume wenzake. Chakula hagusi, usingizi hapati. Mjomba ametuletea daktari anayedai huo ni ugonjwa wa akili na ataumaliza kwa sindano na vikao. Mama anataka kuuza bangili zake amlipe. Nilipomwambia daktari huyo nimesikia wataalamu waliuondoa zamani kwenye orodha ya magonjwa, alicheka: 'Walipiga kura tu. Malaria hufutwa kwa kura?' Akanionyesha na utafiti wa Profesa Spitzer wa Marekani, eti watu hubadilika. Nilikosa la kusema. Dada Mtu, Mombasa."

Marahaba, mwanangu.

Kura ilikuwepo, hapo hakudanganya. Ila hakukwambia ni nani walioitaka. Desemba 1973, bodi ya Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani iliamua kwamba kupenda mtu wa jinsia yako si ugonjwa. Waliokasirika, wenye msimamo kama wa huyo daktari wenu, ndio waliokusanya saini ili wanachama wote wapige kura na uamuzi utenguliwe. Kura ikapigwa 1974, wakashindwa: asilimia 58 walisimama na bodi. Wangeshinda, sidhani kama leo tungesikia habari za malaria.

Swali la kumuuliza ni jingine: huo ugonjwa uliingiaje kitabuni? Toleo la kwanza la orodha yao, la 1952, liliuweka pamoja na kasoro za tabia, na hakuna aliyekuwa ameuona kwenye darubini wala kwenye damu. Madaktari waliandika juu ya watu waliowafikia, yaani wagonjwa waliokuwa tayari wamevunjika moyo, na wafungwa. Ni kama kukaa mahakama ya kadhi mwaka mzima ukisikiliza kesi za talaka, kisha utangaze kwamba ndoa zote ni vita.

Mwanasaikolojia Evelyn Hooker wa Los Angeles ndiye aliyetoka nje ya mahakama hiyo. Aliwatafuta wanaume 30 wanaopenda wanaume wenzao, wasiokuwa kwenye matibabu, na wengine 30 wanaopenda wanawake, wakilingana umri, akili na elimu. Akawapima wote, kisha akawapa mabingwa majibu yale bila kuwaambia lipi ni la nani. Mmoja wa mabingwa hao, Bruno Klopfer, alikuwa gwiji wa kipimo cha madoa ya wino, ambapo mtu husema anachokiona kwenye madoa ili hali ya akili yake isomwe. Wakashindwa kuwatenganisha. Matokeo yalichapishwa 1957, miaka 16 kabla ya uamuzi wa bodi. Kwa hiyo kura haikuangukia penye utupu.

Na kuna kisa ninachokipenda zaidi, cha mkutano wa madaktari hao mjini Dallas, 1972. Daktari mmoja alipanda jukwaani amevaa barakoa na nywele za bandia, suti inampwaya, kipaza sauti kikiibadilisha sauti yake asitambulike. Akawaambia wenzake: mimi ni mmoja wa wanaopenda wanaume wenzao, na mimi ni daktari wa akili. Alikuwa John Fryer, na alijificha kwa kuogopa kupoteza kazi. Waliokuwa wakiwaita watu hao wagonjwa walikuwa wakifanya nao kazi bila kujua.

Sasa ule utafiti. Robert Spitzer aliwahoji watu 200 kwa simu waliodai wamebadilika, akauchapisha 2003. Alitegemea maneno yao matupu. Mwaka 2012 mwenyewe alikiri kwamba hakuwa na njia ya kujua kama walisema kweli, akaomba radhi. Huyo huyo ndiye aliyekuwa mstari wa mbele kuuondoa ugonjwa kitabuni 1973. Daktari wenu amekupa nusu ya habari.

Shirika la Afya Duniani nalo liliuondoa mwaka 1990. Lilibakiza jina la ugonjwa kwa anayeumizwa na hali yake mwenyewe, na toleo lililopitishwa 2019 likaliondoa hilo pia. Kwa hiyo mwombe daktari akuonyeshe jina na namba ya huo ugonjwa katika orodha ya sasa, na akuandikie jina la dawa iliyo kwenye sindano. Usikubali mdogo wako achomwe kitu ambacho hukijui jina.

Mambo ya dini na ya sheria hukuniuliza, na nchini mwetu sheria bado ni kali. Basi habari hii isivuke kizingiti. Mwambie na mjomba, kwa upole lakini umkazie macho.

Kinachonitia wasiwasi ni huko kutokula na kutolala. Hiyo huenda ikawa sonona, na sonona ni ugonjwa wa kweli wenye tiba. Mtafutie daktari wa akili atakayemtibu huzuni bila kutaka kumgeuza. Muulize mdogo wako waziwazi kama amewahi kufikiria kujidhuru. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Mama mkalishe ukiwa naye peke yenu, mjomba asiwepo. Anaogopa kumpoteza mwanawe, msikilize hilo kwanza kabla ya kumtajia miaka na majina. Bangili zibaki kabatini. Na kama daktari ameshapewa chochote, dai risiti.