Tuzo za kiwanda na chumvi ya pwani

SWALI: Mhariri, assalamu alaykum. Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama wanaolima mwani huku Micheweni, Pemba. Banda letu la boriti na makuti limechoka, na baada ya kuweka akiba kwa misimu kadhaa tumekusudia kujenga ghala la kudumu, hatua chache kutoka pwani. Wakala mmoja alitujia na kijitabu cha kiwanda cha ng'ambo kinachotengeneza majengo ya fremu za chuma, na kurasa mbili nzima zimejaa picha za mabwana waliovaa suti wakipokea tuzo. Wenzangu wameridhika; wanasema kiwanda kilichotunukiwa na watu wa fani yake hakiwezi kutuletea kitu kibovu. Mimi moyo unasita. Je, tuzo hizo ni dhamana?

JIBU: Waalaykumu salaam, dada katibu. Tuzo hizo huenda ni za kweli kabisa, lakini kila tuzo ina jambo lililofanya itolewe, na jambo hilo ndilo la kuuliza kwanza. Chukua mfano wa Uingereza, ambako tangu mwaka 1969 hutolewa tuzo za kila mwaka kwa majengo na madaraja ya chuma: kinachopimwa pale ni jengo fulani lililokwisha kusimama, pamoja na ubunifu wa wahandisi wake na ufundi wa walioliunga, wala si kila nguzo itakayotoka kiwandani baadaye. Zipo pia tuzo zinazotolewa kwa wingi wa mauzo au kwa usalama wa wafanyakazi. Hayo ni mambo mema, ila ghala lenu halihusiki nayo. Mwambieni wakala aonyeshe ni jengo gani lililotunukiwa, limejengwa wapi, na liko umbali gani kutoka baharini.

Nasema hivyo kwa sababu adui yenu ni chumvi, na nyinyi mnaye nje na ndani. Ghala la mchele lililo pwani hupigwa na upepo wa bahari upande wa nje tu, na mvua ya masika huliosha. Mwani mkavu, kama mnavyojua kuliko mimi, huwa na chembe nyeupe za chumvi zinazobaki viganjani mtu akibeba gunia, na chembe hizo huvuta unyevu wa hewa hata siku ya jua. Vumbi lake likitua kwenye kenchi na kwenye vichwa vya skrubu, hakuna mvua itakayofika kuliondoa. Sijui kama waamuzi wa tuzo yoyote wamewahi kuingia ghala la namna hiyo.

Sasa tazameni hesabu, maana hapa ndipo pesa yenu ilipo. Chuma hulindwa na zinki, na zinki huliwa kidogo kidogo badala ya chuma. Kwa viwango vya kimataifa vinavyopanga ukali wa hewa, mahali palipo katika daraja la C5, ambalo huyajumuisha maeneo ya pwani yenye chumvi nyingi, zinki hupungua kwa maikroni 4.2 hadi 8.4 katika mwaka wa mwanzo (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Bati na vyuma vyembamba vinavyouzwa kwa alama ya Z275 vina gramu 275 za zinki kwa mita ya mraba kwa pande zote mbili, yaani maikroni 20 hivi kila upande. Gawanyeni, tukichukulia kasi hiyo inaendelea: katika hewa ya namna hiyo, ni kinga ya miaka miwili na nusu hadi mitano. Nguzo nene kuliko milimita 6 iliyozamishwa kwenye zinki iliyoyeyushwa baada ya kukatwa na kutobolewa, kwa kiwango cha ISO 1461, hutakiwa kuwa na wastani usiopungua maikroni 85, na kwa hesabu ile ile hiyo ni miaka kumi hadi ishirini. Kwa macho, zote mbili hung'aa siku ya kwanza.

Kwa hiyo katika mkataba iandikwe unene wa zinki kwa kila aina ya chuma, pamoja na skrubu na bolti zake. Nimewahi kuingia banda moja la pwani ambalo bati lake lilikuwa bado jeupe, ilhali kila skrubu ilikuwa imetoa mchirizi wa kahawia kama chozi, na nguzo zimeliwa shubiri moja tu juu ya sakafu, pale maji ya kufagilia yanapotuama. Mwambieni fundi ainue kitako cha zege cha kila nguzo juu ya sakafu, na asichanganye zege hiyo kwa mchanga wa ufukweni, kwani chumvi yake hula nondo na bolti za msingi kutoka ndani, mahali msipopaona. Magunia nayo yapangwe juu ya mbao, mbali na ukuta.

SWALI: Mimi ni fundi wa kuchomelea, Chake Chake. Nikichomelea chuma chenye zinki, pale palipoungua nipake nini? Na je, ni kweli kwamba maziwa huzuia homa ya moshi wake?

JIBU: Kwaruza hadi chuma kiwe safi, kisha paka rangi yenye unga mwingi wa zinki, si rangi nyekundu ya kawaida, mpaka ifikie maikroni 100; kazi hiyo huhitaji kupaka zaidi ya mara moja. Maziwa hayazuii kitu, kwa kuwa moshi huingia mapafuni na maziwa huenda tumboni. Ondoa zinki kwa tupa mahali unapotaka kuchomelea kabla ya kuwasha moto, fanya kazi nje, na simama upande unakotoka upepo.