Samaki Aligeuka Tumbo Juu

Juma lililopita mwalimu mmoja wa Tanga kaniandikia. Kaona video ya wanafunzi wangu: simu inaelekezwa kwenye mlango wa nakshi hapa Bagamoyo, mawimbi yanacheza chini ya fremu, samaki anachomoka, mmea unapanda taratibu mpaka juu, na sauti ya Mzee aliyeuchonga inasimulia. Anataka na wa kwake wafanye hivyo. "Nitumie programu na hatua zake, likizo imebaki wiki mbili."

Mwalimu mwenzangu, programu utaipata. Ila nisikilize kwanza habari ya video ambayo hukuiona, kwa kuwa sikuirusha.

Nilikuwa na wanafunzi 11 wa kidato cha tatu. Siku 3 nikawafungia darasani na projekta, nikiwaeleza uhalisia ulioongezwa ni nini: kamera inatambua picha, kisha inapandisha juu yake mchoro unaocheza. Siku ya 4 ndipo tukaenda karakana. Nikatoa shikamoo, nikaeleza harakaharaka kwamba tunataka picha za mlango anaoumalizia. Mzee akasema pigeni. Wakapiga. Mmoja akapanda juu ya gogo la mninga ili apate picha nzuri. Hakuna aliyemuuliza Mzee neno. Nusu saa, tukaondoka, nami najiona nimeshirikiana na msanii wa jadi.

Jumamosi yake tukafanya maonyesho. Wazazi walikuja, na ofisa wa shirika moja lililotupa bando la intaneti. Kwenye bango nilikuwa nimeandika jina langu kwa herufi kubwa, "Mkufunzi Mkuu" (mkuu wa nani, na nilikuwa peke yangu?), na chini kabisa: "kwa msaada wa fundi wa mtaani". Mzee alikuja na kanzu yake nyeupe, kofia imekaa sawasawa.

Jua la saa sita lilikuwa linaupiga mlango. Simu ya kwanza ikatafuta weee, haikupata kitu. Ya pili kamera iligoma kufunguka. Ya tatu ikakamata, na samaki akapanda, lakini tumbo lake likiangalia mbinguni. Watu wakacheka. Ofisa akapiga makofi akidhani ndivyo tulivyokusudia. Mzee akakitazama kioo cha simu kwa muda, akaniambia kwa sauti ya chini: "Mwanangu, samaki akigeuka tumbo juu ameshakufa. Huyu wangu mmemuua."

Akasoma bango. Akaaga vizuri, kwa heshima zote, akaondoka kabla ya soda. Wiki nzima nilipita njia ya mbali kwenda sokoni.

Mji huu una TaSUBa, taasisi ya sanaa na utamaduni, una tamasha la sanaa kila mwaka. Ungedhani heshima ya msanii hapa haihitaji kufundishwa. Ilibidi nifundishwe, tena mimi mwalimu.

Kosa la kiufundi ni rahisi kulieleza. Simu haioni samaki wala ua. Inatafuta alama za pekee: kona, mkwaruzo, kiza kinapokutana na mwanga. Nakshi inayojirudia, ua lilelile kutoka juu mpaka chini, inaichanganya, haijui ni lipi la juu na lipi la chini. Watengenezaji wa ARCore, programu ya Google ya uhalisia ulioongezwa, wana kifaa cha kupima picha kwa alama 0 hadi 100, na wanashauri zisipungue 75. Yetu haikufika hata nusu. Na kamera iliyogoma? Mchoro wetu ulifunguliwa kwa tovuti, na kivinjari hakifungui kamera kama anwani ya tovuti haianzi na https. Basi, hayo ndiyo mambo ya simu.

Nilirudi kwa Mzee baada ya alasiri, nikamkuta barazani anakunywa kahawa. Nikaomba radhi. Hakusema amenisamehe. Aliniuliza tu, "Hao watoto wanajua kushika patasi?"

Awamu ya pili ilikuwa wiki mbili, na wiki ya kwanza simu zote zilikaa kwenye kapu. Mzee alilipwa kwa siku, sawasawa na mimi, kabla ya picha hata moja. Watoto walichonga vipande vya mbao vilivyobaki, vidole viwili vikafungwa plasta. Humo ndimo walimojifunza kwamba mlango wake husomwa kutoka chini: maji, samaki, mmea unaotoka majini, na ua juu ya kizingiti mwishoni. Mimi nilikuwa nimewaanzishia ua kwa sababu linapendeza. Binti mmoja akasema, "Mwalimu, kumbe sisi tulianza kujenga paani."

Kulikuwa na mlango mkuukuu ulioletwa matengenezo, mfaa wake, ule ubao wa katikati, una kiraka cha mti wa rangi nyingine. Mzee alitaka tukifiche. Tulipopima picha ya sehemu ile, alama zikapita 80. Kiraka ndicho simu ilichokitambua, na Mzee alicheka mpaka akakohoa.

Juu ya mlango huohuo kulikuwa na aya ya Qur'ani. Kijana mmoja alitaka herufi zing'ae na kuzunguka. Mzee akakataa: "Hayo hayachezeshwi." Tukaacha, bila mjadala. Hili ndilo nisilotaka ulipuuze. Muulize fundi kipi kinaguswa na kipi hakiguswi kabla mwanafunzi hajawasha kamera. Australia, Mikaela Jade wa Cabrogal, jamii ya wenyeji wa asili, mwanzilishi wa kampuni ya Indigital, amewafundisha wanafunzi teknolojia hii pamoja na wazee wenye masimulizi yao. Hapa kwetu Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inazigusa hata sanaa za jadi. Sasa wewe unakujaje na simu yako, unachukua nakshi ya mtu, halafu unamwita fundi wa mtaani? Muulize. Mlipe. Liandike jina lake, na liwe juu ya lako. Narudia: juu ya lako.

Tanga mna waunda mashua, mna Tongoni na makaburi yake ya mnara. Mtafute mtu anayeijua kazi, ukae naye. Ukishampata niandikie, nami siku hiyohiyo nitakutumia kiungo cha programu.

Mzee wangu siku hizi anawaonyesha wateja mwenyewe, kwa simu ya mjukuu. Jana kanipigia kulalamika: samaki anaogelea polepole mno, wateja watadhani ni wa kuuzwa jioni. Kesho nampeleka yule binti akamrekebishe.