Goti la zamani, hamu ileile

Kaka, umeuliza kama ni wazimu kurudi kwenye soka ukiwa na miaka 58 na goti lililowahi kuumia. Si wazimu, ila usianze na mechi. Kwa umri wetu pumzi na misuli hurudi mapema, kano huchelewa: unajiona kijana, unaukimbilia mpira, kano ya kisigino inakatika pah! Daktari akupime moyo na presha, kisha jipe miezi mitatu ya kuimarisha mapaja na vigimbi. Halafu jaribu soka ya kutembea, iliyoanzia Uingereza mwaka 2011. Ukikimbia, wapinzani wanapewa mpira wa adhabu. Nilipoisikia nilicheka, sasa sikosi. Vijana wakikuita kwenye mechi yao, omba filimbi.