Hita iliyogoma kuzima

Pole sana, ndugu yangu. Kuamka asubuhi, kama ulivyoandika, ukute maji ya tangi lako la samaki yamefika nyuzi 35, furu wawili (wale samaki wadogo wa ziwani) chali na taa ya hita, kile kifaa cha kupasha maji, bado inawaka, inauma. Kilichotokea ni hiki: ndani ya hita kuna swichi ya joto, na vibati vyake vikiungua kwa cheche hugandana. Basi inapasha tu, haizimi. Hiyo usiipeleke kwa fundi, tupa.

Waliobaki usiwamwagie maji baridi kwa pupa. Chomoa umeme ukutani kwanza, ndipo uingize mkono. Washa pampu ya hewa, maana maji ya moto hayashiki oksijeni nyingi. Ndiyo sababu wanahema juu juu. Yaache yapoe taratibu.

Kwa tangi lako la lita 100, ningeweka hita mbili za wati 50 badala ya hiyo moja ya 200. Moja ikigoma kuzima, haina nguvu ya kuwapika. Nunua na kipimajoto, usiamini namba za kwenye hita.

Hita yangu niliipasua mwenyewe: nilipunguza maji ikiwa inawaka, kioo chake kikabaki hewani, nilipomimina ndoo ya kwanza, pah! Siku hizi nachomoa, nangoja robo saa.

Ila furu ni wa ziwa letu hili hili la Victoria, nyuzi 24 hadi 26 zinawatosha. Hapa Mwanza mimi hita naitumia usiku wa Juni na Julai tu. Miezi mingine iko kabatini.