Kingamwili ya GLT-1: Kabla hujamlaumu aliyeiuza

Ukipewa kazi ya kupima GLT-1, protini inayofyonza glutameti (kemikali ya mawasiliano ya niuroni), kwenye ubongo wa panya, mwezi wa kwanza utailaumu kingamwili, yaani ile protini tunayonunua ili ishike GLT-1 na kutuonyesha ilipo. Mimi niliilaumu wiki tatu nzima. Westani bloti yangu (kipimo kinachotenganisha protini kwa ukubwa kwenye jeli, kisha kuzitafuta kwa kingamwili) ilitoka na wingu jeusi juu kabisa, pale kwenye visima vya jeli, na karibu na kilodaltoni 62 (kipimo cha ukubwa wa protini), nilikotegemea kuona mstari, hapakuwa na kitu cha maana. Nikaongeza kingamwili, wingu likazidi. Nikaandika hadi barua ya malalamiko kwa waliotuuzia. Bahati nzuri sikuituma.

Kosa lilikuwa langu. Nilichemsha sampuli kwa nyuzi 95, dakika 5, kama nilivyozoea kwa aktini, protini isiyo na shida hiyo. Sasa GLT-1 ni protini ya utando wa seli, imejaa sehemu zinazokimbia maji. Ukiichemsha, sehemu hizo hushikana na za jirani, unabaki na kitu kama ugali wenye mabonge, na bonge halipiti kwenye jeli. Iache sampuli kwenye bafa ya SDS (sabuni inayokunjua protini) kwa joto la chumba, au nyuzi 37 kwa nusu saa, inatosha. DTT, dawa inayozuia protini kuungana, iwe mpya, kwa sababu protini hii ikipata oksijeni hupenda kuungana.

Hata ukifanya yote hayo, utaona mistari miwili au mitatu: mmoja kwenye sitini na kitu, mwingine karibu mara mbili yake. Usishtuke, na tafadhali usiukate kwenye picha. Ndani ya utando GLT-1 hukaa tatu-tatu, na baadhi haziachani hata ndani ya SDS. Ukipima mstari wa chini peke yake, panya mgonjwa ataonekana amepungukiwa na protini, kumbe sampuli yake imeungana zaidi tu. Pima yote kwa pamoja.

Kisha punguza mkono. Kwenye ubongo wa mbele wa panya aliyekomaa, GLT-1 inakadiriwa kufika karibu asilimia 1 ya protini zote. Mikrogramu 30 za protini kwa kisima ni kujaza daladala. Mimi naanza na 5.

Kuhusu kuagiza: soma jina mara mbili. GLT-1, GLUT1 na VGLUT1 ni vitu vitatu tofauti. Ya pili hubeba glukosi, ya tatu hujaza glutameti kwenye vifuko vya niuroni. Mwenzetu mmoja aliagiza GLUT1, akapata picha nzuri mno za mishipa ya damu. Kwa binadamu GLT-1 huitwa EAAT2, na jeni yake ni SLC1A2. Uliza pia kingamwili inashika kipande gani, maana aina zake mbili, GLT-1a na GLT-1b, zinatofautiana mkiani, na inayoshika mkia wa moja haiioni nyingine. Na kama imetolewa kwa simbilisi, kingamwili ya pili iwe ya kushika ya simbilisi, si ya sungura. Hilo nalo limeshanigharimu siku nzima.

Swali litakalokusumbua ni hili: utajuaje kwamba unachokiona ni GLT-1 kweli? Wengi watakwambia changanya kingamwili na peptidi yake (kipande cha protini kilichotumika kuitengeneza), ishara ikipotea umemaliza. Sikubaliani. Peptidi inaizuia kingamwili kushika chochote, hata protini isiyo yake, kwa hiyo jaribio linapita vizuri huku picha ni ya uongo. Kipimo ninachokiamini ni tishu ya panya walioondolewa jeni hiyo. Panya hao wapo tangu 1997. Hupata kifafa na wengi hufa mapema, kwa hiyo omba kipande cha tishu kwa wanaowafuga badala ya kuwafuga wewe. Usitumie ini kama tishu isiyo na GLT-1, kwa sababu nalo linayo kiasi.

Usipopata tishu hiyo, linganisha sehemu mbili za ubongo, hipokampasi na serebela, kwenye jeli moja. GLT-1 iwe nyingi zaidi hipokampasi; GLAST, ndugu yake, iwe kinyume chake. Na kwenye vipande vya hadubini, rangi itande kama ukungu katikati ya seli, kwani GLT-1 hukaa zaidi kwenye astrosaiti, seli zinazowahudumia niuroni, na matawi yao membamba yamejipenyeza kila mahali. Ukiona miili ya niuroni inang'aa kama taa za sherehe, rudi kwenye kichupa, usome lebo upya.