Jodari alinifunza kutumia friza

Ramadhani ya mwaka juzi nilinunua jodari soko la Darajani, kipande cha kilo tatu, nikakitia friza kama kilivyo na mfuko wake. Siku ya kumpika nikamtoa baada ya sala ya alfajiri, nikamwacha kwenye sinki, nikaenda zangu kazini. Kurudi saa tisa, nje kashalainika, ndani bado jiwe. Nikamkaanga, tukafuturu.

Mume wangu akaniambia, "Leo umezidisha pilipili manga." Sikutia hata punje. Kabla ya tarawehe mashavu yetu yalikuwa mekundu, vichwa vinagonga, miili inawasha. Mavyaa akasema ni husuda. Daktari akasema ni samaki.

Jodari na wenzake kama vibua wakikaa kwenye joto, bakteria hutengeneza kitu kiitwacho histamini. Ikishaingia ndiyo imeingia: mafuta ya moto hayaiondoi, barafu haiiondoi, na samaki anaweza asinuke hata kidogo. Ile ladha ya pilipili ndiyo ilikuwa dalili, nami nikaona mume wangu ananionea.

Siku hizi samaki nikishamleta humkata vipande vya mlo mmoja mmoja saa hiyo hiyo, nikavilaza bapa kwenye mifuko ili vigande upesi. Vya kesho huvihamisha usiku kutoka friza kwenda rafu ya chini ya friji, ndani ya bakuli, maji yake yasije yakadondokea kachumbari. Kipande kikubwa kama kile changu kinataka siku nzima na zaidi. Ukisahau (mimi husahau), funga mfuko barabara, uzamishe kwenye beseni la maji baridi, ubadilishe maji kila nusu saa, kisha upike papo hapo. Sinki niliiacha siku ile ile.

Wali na mchuzi wa nazi vilivyobaki huvitandaza kwenye sinia vipoe, na kabla ya masaa mawili kupita viwe ndani ya friji. Sufuria nzima ya moto usiitie; katikati yake hubaki na joto kwa masaa.

Halafu kuna umeme. Sisi wa Unguja tuliopitia ile Disemba 2009 hadi Machi 2010, kebo ya baharini imeharibika na kisiwa kizima gizani, hatuhitaji kuelezwa. Ukikatika, usifungue friza kuchungulia. Iliyojaa na kufungwa hushika baridi kama saa 48, iliyojaa nusu hushika kama saa 24, lakini friji ya kawaida ni saa nne tu. Kwa hiyo friza ikiwa na nafasi mimi hujazia chupa za maji.

Shida ni ukitoka safari: utajuaje kama umeme ulikatika ukarudi? Gandisha kikombe cha maji, juu ya barafu weka sarafu. Ukiikuta imezama chini, kila kitu kiliyeyuka kikaganda upya. Tupa, hata kama roho inauma. Yangu ilikuwa ya shilingi mia mbili. Wiki iliyopita tumerudi kutoka Chake Chake, nafungua friza mbio mbio, kikombe kipo, sarafu haipo juu wala chini. Mwanangu alikwishaichukua kununulia ubuyu kabla hatujaondoka.